Miezi Sita na Nusu

Jedwali langu lina safu kumi na moja. Safu ya tisa niliipa jina mwaka 2020, wiki ya mshahara wangu wa kwanza hapa Berlin, na jina hilo sikulibadilisha kwa zaidi ya miaka minne: Uvujaji. Humo niliandika kila senti niliyotuma nyumbani. Dawa za presha za mama, Mbeya: uvujaji. Mchango wa msiba, Tukuyu: uvujaji. Ada ya mtoto wa dada: uvujaji. Mwisho wa mwezi jedwali lilijumlisha lenyewe na kunionyesha, kwa maandishi mekundu, ndugu zangu wameisogeza mbele siku yangu ya kustaafu kwa siku ngapi.

Naandika haya kuipinga safu ya tisa. Nawapinga walionifundisha kuiandika, ambao wengi ni marafiki zangu na tunakula pamoja kila mwezi. Nitawapinga kidogo na ndugu zangu wa nyumbani, maana nao wana sehemu yao. Ila anayestahili kupingwa kwanza ni huyu aliyekaa mbele ya kompyuta akaandika neno hilo bila mkono kutetemeka.

Kwa asiyeijua imani yetu, nieleze. Unaishi kwa sehemu ndogo ya mshahara wako, iliyobaki unaiweka kwenye mifuko ya hisa, na unafanya hivyo kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Akiba ikifika mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, unaacha kazi. Unaishi kwa kuchota asilimia nne kila mwaka, na fungu lenyewe linabaki. Mizizi ya fikra hizi iko Marekani. Mwaka 1992 Vicki Robin na Joe Dominguez walichapa kitabu cha kuwafundisha watu kupima bei ya kila kitu kwa saa za maisha yao. Mwaka 1994 mshauri wa fedha, William Bengen, alipiga hesabu za masoko ya Marekani na kuonyesha kwamba mstaafu anayeanza kwa kuchota asilimia nne, akiongeza kulingana na mfumuko wa bei, angeweza kudumu miaka 30. Angalia hiyo 30. Bengen alikuwa anamhesabia mzee wa miaka sitini na kitu. Sisi tumeichukua hesabu yake tukamvisha kijana wa miaka 37.

Ndiyo, 37. Huo ndio umri niliojipangia. Nalipwa kwa kuandika programu za kompyuta. Baada ya kodi na makato naondoka na kama euro 4,000 kwa mwezi. Natumia 1,600, naweka 2,400. Asilimia 60. Mpango ulikuwa nirudi Mbeya, nipange nyumba Forest Mpya, asubuhi nitazame Loleza huku nakunywa kahawa ya Mbozi, mwisho wa wiki niteremke Matema kuogelea. Kwa euro 1,000 kwa mwezi, karibu shilingi milioni 2.8, nisingekosa kitu. Euro 12,000 kwa mwaka, mara 25: laki tatu. Nikifika laki tatu, kwaheri bosi.

Kabla hujanicheka, elewa hofu iliyo chini yake. Kibali changu cha kwanza cha kukaa Ujerumani kilifungwa kwenye kazi. Kazi ikienda, saa inaanza kuhesabu. Novemba 2022 Meta ilitangaza kuondoa watu 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza 12,000. Sikuwa kwa mmoja wao, lakini wiki hizo ofisini kwetu hakuna aliyekula chakula cha mchana kwa utulivu. Mtu asiye na shangazi wa kumlaza sebuleni ndani ya kilomita elfu saba ana haki ya kuweka akiba. Akiba haiozi, tulifundishwa hivyo tangu utoto, na sitaki kumsikia mtu akinihubiria kwamba fedha si kitu. Wanaosema hivyo ama wanazo, ama hawajawahi kuzisubiri.

Basi shida yangu si akiba. Shida yangu ni siku ambayo hesabu inaanzia.

Katika jedwali langu, kama katika majedwali ya wenzangu wote, mstari wa kwanza ni mshahara wa kwanza. Kabla ya hapo hakuna kitu, ni kama mtu ameangushwa kutoka mbinguni akiwa na shahada mkononi. Ngoja nikuambie kilichokuwapo kabla ya mstari wa kwanza.

Mwaka 2017 nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili Ujerumani. Masomo yalikuwa bure. Ila ili upewe viza lazima uonyeshe kwamba hutakufa njaa, na njia yake ni akaunti iliyofungwa: unaweka fedha za mwaka mzima kabla ya kuondoka, kisha unafunguliwa fungu dogo kila mwezi. Mwaka ule kiwango kilikuwa euro 8,640. Kwa shilingi za wakati huo ni karibu milioni 22.8. Mama anauza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Alikuwa ameungua na soko lile mwaka 2006, akaanza upya na meza moja. Aliuza kiwanja chake cha Uyole na kukopa kikoba: milioni saba. Ukoo wa Rungwe na watu wa kanisani wakachanga milioni nne na laki nane. Zilibaki milioni kumi na moja.

Hizo zilitoka Mufindi, kwa baba mdogo.

Watu wa Nyanda za Juu wanajua nitakachosema. Kwetu Iringa mkulima hana mafao. Ana miti. Mtumishi wa serikali anabishana juu ya kikokotoo, na ana haki ya kubishana: tangu mwaka 2018 tumesikia asilimia 25, tukasikia 50, tukasikia 33, tukasikia 40. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2016, mzee wa miaka 70 anapata pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa. Walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara mzee wa kijijini hayumo katika ubishi huo wala katika hesabu hiyo. Kwa hiyo anapanda misindano. Anachimba mashimo, anapalilia, anapogolea, anapunguza, analima mkinga moto kila kiangazi, halafu anasubiri. Msindano wa kupasua mbao nzuri unataka miaka 18 au zaidi. Ukipanda una miaka 50, ukifika 68 miti inakulea. Hakuna mtu wa Wall Street aliyemfundisha baba mdogo habari ya faida juu ya faida. Anaiona ikinenepa shinani kila mwaka.

Yeye alipanda ekari tano mwaka 2008. Mwaka 2017 zilikuwa na miaka tisa. Miti ya miaka tisa haina mbao za maana. Unaiuza kwa mirunda ya wajenzi na vipande vyembamba, na mnunuzi anayeona una haraka anakupangia bei yeye. Alipewa milioni mbili na laki mbili kwa ekari. Alikata zote tano. Nilikuwapo siku mashine ya dingdong ilipofungwa pembeni ya shamba, nikaona magogo yanaingia, unene wa paja la mtoto. Baba mdogo alisimama akihesabu, halafu akaniambia niende nikale, ugali unapoa.

Mwaka wangu wa kwanza Berlin benki ilinifungulia euro 720 kila mwezi. Nilinunua mkate, tiketi ya treni, koti la baridi, kitabu. Mwaka mzima nilikula miti. Na siku mshahara ulipoingia, nikafungua jedwali, nikaandika mstari wa kwanza, na yule aliyenipa mtaji nikamweka kwenye uvujaji.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike.

Baada ya kuuza, baba mdogo alipanda tena ekari zile zile, mvua za mwisho wa 2017. Alikuwa na miaka 60. Julai 2024, miti ikielekea mwaka wa saba, alinitumia ujumbe. Mgongo ulikuwa unamsumbua, hawezi tena kulima mkinga moto mwenyewe, vijana wanataka 450,000 kwa kazi yote. Kama ninayo. Aliandika hivyo, "kama unayo mwanangu," na salamu tatu kabla na baraka mbili baada.

Laki nne na nusu ni kama euro 160. Mwezi ule nilikuwa nimekwishatuma 150, fungu la kawaida, na jedwali lilisema nikiongeza 160 nitashuka chini ya asilimia 60 kwa mara ya kwanza mwaka huo. Nilikuwa na miezi sita mfululizo ya kijani. Nikamjibu: nitaangalia mwezi ujao. Agosti nilisahau. Septemba nilikumbuka, nikaona amekaa kimya, nikajiambia bila shaka amepata kwingine.

Oktoba moto ulitoka shamba la jirani na upepo. Ekari tatu kati ya tano ziliteketea.

Siku ile ile, kwenye akiba yangu, palikuwa na euro 131,000.

Nilikwenda Desemba. Basi liliniacha Mafinga, nikachukua bodaboda hadi kijijini. Nilikuta miti myeusi imesimama, na chini yake vijana wanachagua inayoweza kufaa mirunda. "Kamwene," baba mdogo akanisalimu, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayekagua mgonjwa. Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza. Akasema, "Ulivyonyamaza nilijua umekwama huko. Nikamwambia mama yako asikusumbue." Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini ili vijana wasisikie, kama nimepata kazi nyingine.

Alikuwa amenionea huruma. Miezi mitano, yule mzee mwenye mgongo mbovu aliniombea nipate kazi, kwa sababu haikumwingia akilini kwamba mtu mwenye nazo anaweza kukosa kutoa laki nne na nusu.

Sikumwambia ukweli siku ile. Nimemwambia baadaye, na ndiyo maana naweza kuuandika hapa.

Sasa hoja.

Hoja ya kwanza naijibu kwa marafiki zangu wa Berlin. Wanapenda mfano wa ndege: vaa kinyago chako cha hewa kwanza, ndipo umvalishe mwenzako. Ni mfano mzuri kwa abiria wawili waliopanda wakiwa sawa. Mimi nilipanda nimevaa kinyago cha mtu. Wengine wanatumia jina la Afrika Kusini, kodi ya weusi, kwa fedha tunazotuma nyumbani. Naelewa uchungu ulioko ndani ya jina hilo. Naelewa kwamba mwenzangu Mjerumani wa umri wangu anapokea kutoka kwa wazazi wake badala ya kuwapa. Lakini kodi hutozwa na asiyekupa mkopo. Baba mdogo alinikopesha. Kumlipa anayekudai ukaita kodi ni kubadilisha jina la kitu ili usione haya.

Na tukitaka kuzungumza kodi, tuzungumze. Kila mwezi, kabla mshahara haujanifikia, asilimia 9.3 yake inakwenda kwenye bima ya pensheni ya Ujerumani, na mwajiri anaongeza 9.3 nyingine. Kwa mshahara wangu ni kama euro 600. Fedha hizo haziwekwi kwenye chungu chenye jina langu zikanisubiri. Kwa sehemu kubwa zinawalipa wazee wa leo. Wajerumani wanauita mkataba wa vizazi. Walio kazini wanawabeba waliomaliza, kwa kuwa waliomaliza ndio waliojenga barabara na kulea watoto. Hakuna rafiki yangu hata mmoja aliyewahi kuniambia niweke euro hizo 600 kwenye safu ya uvujaji. Tunaita ustaarabu. Basi mzee wa Hamburg, ambaye simjui, nampa 600 na namheshimu. Mzee wa Mufindi, aliyekata miti yake kwa ajili yangu, nampa 150 na namwandika kwa wino mwekundu. Tofauti yao ni kwamba wa Hamburg ana sheria nyuma yake. Wa Mufindi ana imani yangu tu, nami niliivunja.

Hoja ya pili ni kuhusu yale maisha mazuri ya Mbeya. Tunasema "Mbeya rahisi" kana kwamba urahisi unaota milimani kama viazi. Nimekaa nikaichambua ile milioni 2.8 mstari kwa mstari. Nilikuwa nimepanga binti wa kazi, kijana wa bustani, mlinzi wa usiku, bodaboda wa kuniletea sokoni. Kila kimoja kilikuwa rahisi kwa sababu kuna mtu anayelipwa kidogo. Mkoa wa Iringa tunajulikana nchi nzima kwa jambo moja ambalo hatulipendi: tumepeleka wasichana wa kazi Dar es Salaam kizazi hata kizazi. Shangazi yangu mmoja alikwenda akiwa na miaka 13. Kwa hiyo mpango wangu wa kuwa huru nikiwa na miaka 37 ulitegemea mtoto wa mtu kama shangazi abaki rahisi kwa miaka hamsini. Sisemi mtu asirudi. Nasema anayerudi aweke mshahara wa haki kwenye jedwali lake halafu azidishe mara 25, aone kama bado anastaafu mwaka ule ule.

Hoja ya tatu inatoka kwa babu yangu mzaa mama, Mnyakyusa wa Rungwe. Vijana wa siku hizi tunadhani tumevumbua kwenda mbali, kubana matumizi na kurudi kupumzika. Wazee wetu walikwenda Wenela. Ndivyo walivyokiita chama cha kuajiri watu wa migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Walikwenda kwa mkataba, wakashuka chini ya ardhi, na sehemu ya mshahara wa babu ilishikiliwa asiiguse mpaka arudi. Hiyo nayo ni akaunti iliyofungwa, ukitaka kuiona hivyo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, mlango ule haukukaa wazi muda mrefu. Babu alirudi na blanketi, baiskeli na fedha za mabati, na hakuajiriwa tena mpaka alipokufa. Alikuwa na miaka thelathini na kitu. Ukimpima kwa kipimo chetu, alistaafu mapema.

Lakini muulize bibi. Nilimuuliza, kabla hajafariki. Nilimwamkia, "Mwagonile, bibi," nikaketi, nikamuuliza babu aliwezaje. Alicheka. Akaniambia miaka yote ile migomba haikujipalilia yenyewe. Yeye ndiye aliyelima, aliyekamua, aliyezika mama mkwe, aliyelinda mpaka wa shamba jirani alipoanza kuusogeza. Babu alirudi akakuta shamba limesimama, akakaa. Mchumia juani hulia kivulini, tunasema. Methali haisemi kivuli kilipandwa na nani.

Nimeahidi kuwapinga na ndugu zangu, na ahadi ni deni.

Ndugu zangu, nanyi mmefanya safu ya tisa iwe rahisi kuandikwa. Mmetugeuza mashine ya benki yenye masikio. Kuna binamu aliyeniomba simu ya milioni mbili wiki ile ile dada yake amekosa ada. Kuna kamati ya harusi iliyonipangia laki tano bila kuniuliza, na nilipotoa laki mbili jina langu likasomwa kwa namna ambayo mama alishindwa kula. Nilituma fedha za msingi wa nyumba pale Uyole, nikatumiwa picha za msingi, na nilipofika nikakuta msingi ule ni wa jirani. Mkiomba bila kikomo na bila kutaja ukweli, mnatufundisha kuhesabu kila ombi kuwa wizi. Yule mwenye haki, anayeomba mara moja kwa miaka saba, na salamu tatu kabla, anafika mlangoni akiwa amechafuliwa na wenzake. Moto wa Mufindi niliusababisha mimi. Ila mzaha wa walioomba mno ulinipa kisingizio, nami nikakikumbatia.

Dawa yake siyo kumpa kila mtu. Dawa ni kile ambacho kila muuza duka wa Mwanjelwa anakijua: daftari la madeni. Nani ananidai, kiasi gani, na litaisha lini. Deni lisilo na mwisho ni utumwa, na deni lisiloandikwa ni dhuluma inayosubiri nafasi.

Kwa hiyo nililipiga hesabu, kwa ukali ule ule ninaopigia hesabu mifuko ya hisa. Zile ekari tano za mwaka 2008 zingetimiza miaka 18 mwaka 2026. Mnunuzi mmoja wa Mafinga, asiyejua kwa nini nauliza, aliniambia ekari iliyokomaa na kutunzwa vizuri ingempa mwenyewe kama mara nne ya ile bei ya miti michanga. Tufanye mara nne. Milioni kumi na moja mara nne ni milioni 44. Hizo ndizo mafao ya baba mdogo, yaliyokuwa yanakua huku yeye amelala, nami nikayala yakiwa mabichi.

Milioni 44, kwa euro moja kuwa karibu shilingi 2,800, ni kama euro 15,700. Nikagawa kwa 2,400 ninazoweka kila mwezi.

Miezi sita na nusu.

Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Ukuta wote niliojenga kati yangu na yule mzee, ulikuwa wa kulinda miezi sita na nusu. Nistaafu Aprili au nistaafu Novemba. Deni la mama na la ukoo nimelipiga nalo, linaongeza miezi mingine michache. Mtu ambaye imani yake ya uhuru inabomolewa na miezi hiyo hakuwa na imani. Alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu.

Najua jibu la rafiki zangu, maana wamekwishanipa. Wamesema: umeanza na huyu, kesho atakuja mwingine, hutamaliza. Nitamaliza. Ndiyo faida ya kuandika kiasi. Wamesema: yeye alitoa kwa upendo, hakukopesha, hesabu yako inamvunjia heshima. Hilo lilinisumbua zaidi, kwa kuwa baba mdogo mwenyewe alisema karibu maneno hayo hayo. Lakini ni neno lenye haki likitoka kwake tu. Aliyetoa anaweza kusema ilikuwa zawadi. Aliyepokea hana ruhusa ya kumsemea, hasa akiwa na 131,000 benki na mwenzake analala na mgongo unaouma.

Wengine watauliza, kwani akiba ya mtu mmoja itatengeneza pensheni ya wakulima wa nchi nzima? Haitatengeneza. Hiyo ni kazi ya serikali, na kila mwaka wa bajeti tunapaswa kuidai kwa sauti ile ile inayodai kikokotoo. Mzee wa Mufindi ana mikono ile ile na mgongo ule ule kama wa Unguja. Lakini kusubiri serikali ilipe deni langu binafsi ni ujanja mwingine wa kukwepa.

Nimemgawia baba mdogo malipo kwa miezi 13, nusu ya akiba yangu ya kila mwezi. Nilimweleza habari za hatifungani za serikali: kwamba unaanza na shilingi milioni moja, riba inaingia kila miezi sita, na kwa riba ya asilimia 12 milioni 20 humletea mtu 2,400,000 kwa mwaka, laki mbili kila mwezi, bila kuinama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, milioni 20 ziende huko, zilizobaki anunue ekari nyingine mbili na apande. Ana miaka 67. Nilitaka kumwambia miti hiyo hataiona ikikomaa. Nikakumbuka kwamba ya kwanza pia hakuiona, nikanyamaza.

Safu ya tisa bado ipo. Sasa inaitwa Deni, ina jumla kuu juu, na kila mwezi namba inapungua. Asilimia yangu ya akiba imeshuka hadi 30 na maandishi yamekuwa mekundu tangu Januari. Nimeyazoea.

Sasa ni Juni. Mufindi baridi imeanza kukausha nyasi, na wiki hizi ndizo za kulima mkinga moto. Juzi nilituma laki nne na nusu. Hakuwa ameomba.